Inafaa na Nini?

Watu wakiona hedifoni zangu huuliza bei. Nikiitaja wanashtuka, wananicheka kidogo, kisha tunaendelea na chai. Swali ambalo karibu hakuna mtu huniuliza ni hili: zinafaa na nini? Nami nadhani ndilo swali lenyewe. Hedifoni ikiwa peke yake ni plastiki, waya na sumaku. Sauti huja pale inapokutana na kitu cha kuisukuma, na wakikutana wawili wasiofaana, ile bei uliyolipa haikusaidii chochote.

Nitaanza na mambo ya vifaa, halafu nieleze kwa nini yananifikirisha kuhusu watu.

HD 600 ya Sennheiser ilitoka 1997 na bado inauzwa. Wengi wanaotengeneza muziki huitumia kama kipimo cha kazi zao. Yangu ilifika Isiolo kwa mkono wa pili. Binamu yangu anafanya kazi Doha, na huko jamaa mmoja alikuwa amenunua nyingine ya bei kubwa zaidi, akaiachilia hii kwa pesa kidogo. Kufa kufaana. Siku ilipofika tuliijaribu kwa fundi wa simu karibu na steji, kwa sababu kwake kuna kila aina ya adapta. Fundi akaichomeka kwenye simu, akapandisha sauti hadi mwisho, akaskiza kama nusu dakika, akanirudishia. "Hii ni feki, bro. Haina hata bezi." Akatoa iafoni za bob 200 zilizokuwa zinaning'inia ukutani, akazichomeka kwenye simu ile ile, na kweli zikapiga kelele kuliko yangu.

Fundi alisikia sawasawa. Sauti ilikuwa ndogo na imekauka, kama mtu anayeongea chumba cha pili. Alipoteleza ni kwenye hatua iliyofuata, ile ya kutoka "haisikiki vizuri hapa" hadi "ni mbovu". Hatua hiyo ni fupi sana, na watu wengi huipiga bila kujua wamesogea.

Hebu tuone kilichokuwa kinaendelea. Hii hedifoni ina ukinzani wa omu 300. Iafoni za kawaida huwa na omu 16 au 32. Kama umeishi mji wa maji ya shida kama wetu, fikiria tangi. Volti ni urefu wa mnara uliobeba tangi, na ukinzani ni wembamba wa paipu. Simu ni tangi lililowekwa juu ya kiti. Ukiliunganisha na paipu pana maji yanatoka; ukiliunganisha na paipu nyembamba yanadondoka tone moja moja. Paipu nyembamba haina ubaya wowote, ila ilitengenezewa mnara mrefu.

Kwa namba, HD 600 hutoa desibeli 97 ikipewa volti moja. Simu nyingi hutoa kati ya nusu volti na volti moja, kwa hivyo kwenye nusu volti unapata 91 pale muziki unapofika kileleni. Na kilele si wimbo mzima. Katika rekodi iliyofanywa vizuri, sauti ya wastani inaweza kuwa desibeli 15 hadi 20 chini ya kilele. Ondoa hizo, unabaki na kitu cha kiwango cha mazungumzo, na huko nje kuna malori, pikipiki, na upepo wa Isiolo unaopeleka vumbi hadi kwenye sufuria. Tena hedifoni yenyewe iko wazi nyuma. Haizuii kitu.

Ukitaka kilele kifike 110, ambayo imezidi mahitaji ya mtu yeyote anayependa masikio yake, utahitaji volti kama 4.5. Hiyo ni miliwati 67 hivi. Balbu moja ya wati 9 inakula umeme wa kuendesha hedifoni zaidi ya mia moja za aina hiyo. Amplifaya inayoweza kazi hii inatoshea mfukoni. Niliponunua ya kwangu nikarudi kwa fundi, sikusema kitu, nikamvisha. Alinyamaza wimbo mzima. Kisha akauliza bei.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Unaweza kusema kitu ni kizuri na ukanyamaza, sentensi imekamilika. Lakini ukisema kitu kinafaa, anayekusikiliza bado anangoja: kinamfaa nani, kwa kazi gani? Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Methali haisemi kwamba rafiki ni mtu mzuri. Inasema anakufaa wewe, na inataja lini. Kufaa hakukai ndani ya kitu kimoja, kunakaa kati ya viwili. Na kama ni hivyo, kutofaa pia kunakaa kati. Hapo ndipo jambo linakuwa la kimaadili, kwa sababu tukikuta viwili havipatani huwa tunachagua kimoja cha kulaumu, na mara nyingi tunachagua kile kilichofika mwisho. Simu ilikuwa ya fundi na aliizoea. Hedifoni ilikuwa mgeni. Mgeni ndiye feki.

Najua utanijibu nini. Utasema huu ni mlango wa visingizio, kwamba sasa kila mvivu atadai hajapata amplifaya yake. Sawa. Kuna hedifoni zilizokufa kweli. Koili imekatika, na hata uzichomeke wapi hazitasema neno. Lakini angalia vile tumejua: tumejaribu kwingine, au multimita imetuonyesha waya uliokatika. Ninachodai ni kidogo tu. Kabla ya kutamka "mbovu", badilisha upande wa pili kwanza. Fundi wa umeme hufanya hivyo bila kuhubiriwa. Taa isipowaka anajaribu balbu kwenye soketi nyingine kabla hajaitupa. Kwa watu hatuna subira hiyo. Mwalimu, bosi, mzazi, hata mchumba, anajaribu mtu mara moja, mahali pamoja, halafu anaandika ripoti, na ripoti hiyo inamfuata huyo mtu kutoka Form One hadi mazishi.

Kuna kosa lingine, nalo ni la sisi tunaoshinda kwenye intaneti tukisoma mambo haya usiku: kudhani dawa ya kila kitu ni nguvu. Chukua iafoni nyepesi, zile zinazoitika ukizigusa tu, uzichomeke kwenye amplifaya kubwa ya mezani. Hata kabla hujaweka wimbo utasikia shhh, mvumo wa amplifaya yenyewe, ambao kwenye HD 600 usingesikika. Ukigusa kitufe kidogo sauti inaruka kutoka kimya hadi kelele, katikati hamna. Na amplifaya nayo ina ukinzani wake kwenye tundu la kutolea sauti. Kanuni wanayoifuata wengi ni kwamba usizidi sehemu moja kwa nane ya ule wa hedifoni. Kwa hedifoni ya omu 32, hiyo ni omu 4. Ukizidi, hedifoni ambayo ukinzani wake hupanda na kushuka kufuatana na noti inabadilika tabia, bezi inavimba hapa, sauti za juu zinazama pale. Amplifaya ile ile inaweza kumjenga mmoja na kumharibu mwingine bila kubadilishwa hata skrubu moja. Beyerdynamic wanauza DT 770 Pro katika matoleo ya omu 32, 80 na 250. Wanaelewa kwamba wateja hawako mahali pamoja, na wakaamua kubadilisha upande wao.

Na kutosha je? Katika mambo mengi ya maisha hakuna mtu anaweza kukuambia ni viatu vingapi vinatosha, au ni marafiki wangapi. Hapa kutosha kunahesabika kwenye karatasi. Volti 4.5, kwisha. Amplifaya ya elfu kumi ikizifikisha safi, ile ya laki tatu haitazifikisha zaidi. Kinachobaki juu ya hapo ni raha ya kumiliki, na sina ugomvi na raha hiyo mradi iitwe kwa jina lake. Mwaka wa 1991 Sennheiser walitoa Orpheus, hedifoni iliyouzwa pamoja na amplifaya yake ya valvu, kama seti 300 hivi. Mwaka wa 2015 wakatangaza mrithi wake, HE 1, ambaye amplifaya yake imejengwa ndani ya marumaru, kwa bei ya karibu euro 50,000. Hesabu ngamia mwenyewe. Lakini kuna jambo moja nawaheshimu nalo: seti ile iliuzwa kama kitu kimoja, hedifoni na kinachoisukuma. Hukuachiwa uende ukabahatishe.

Halafu kutosha kuna dari pia. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima akae na desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila ukiongeza desibeli 3 muda unagawanywa mara mbili: 83 saa 20, 86 saa 10, 89 saa 5. Seli za ndani ya sikio zinazopokea sauti zikifa hazioti tena. Sikio halina waranti.

Hapo namfikiria mjomba wangu.

Mjomba aliendesha lori kati ya Isiolo na Moyale miaka mingi kabla ya lami kumaliza njia hiyo. Ni kama kilomita 500: Archer's Post, Laisamis, Marsabit, Turbi, kisha mpaka. Kwenye ile barabara ya mawe safari ilikuwa ya siku, wakati mwingine ya siku kadhaa, injini ikinguruma hapo hapo kwenye keba na dirisha la kulia likiwa wazi kwa sababu ya joto. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia habari za saa 40. Alipostaafu tulianza kuona ananyamaza. Mtu anamsalimia kwa nyuma, hajibu. Hapa kwetu kutojibu salamu si jambo dogo. Watu wakaanza kusema mzee amekuwa na madharau tangu ajenge nyumba ya mawe. Nyumbani tukasema anasikia akitaka. Yeye akapunguza kwenda kunywa chai mjini baada ya swala ya Ijumaa, na hilo nalo likaongezwa kwenye mashtaka.

Tulichokuwa tunafanya sote ni kupaza sauti. Tunamwinamia na kumpigia kelele sikioni, naye anakunja uso, tunaona amekasirika. Siku moja akaniambia, "Kijana, usinipigie kelele. Kelele naisikia. Ni maneno ndio sisikii."

Sentensi hiyo ina fizikia yote ndani yake. Kelele za injini kwa kawaida huanza kula masikio kwenye sauti za juu, karibu na hezi 4,000. Za chini zinabaki muda mrefu. Irabu zina nguvu na zinakaa chini, kwa hivyo a, o na u zinafika. Konsonanti nyepesi kama s, f, t na k zinakaa juu, na hizo ndizo zinazotenganisha neno na neno. Kwake "shika", "fika" na "pika" zilikuwa kitu kimoja: i, a. Ukipaza sauti unaongeza hasa irabu, zile ambazo tayari anazo. Tulikuwa amplifaya kubwa iliyochomekwa pasipofaa, na tukimlaumu yeye kwa kukunja uso.

Akanunua mashine ya masikio kwa mchuuzi, bob 1,500. Ilikuwa amplifaya kweli. Iliongeza kila kitu kwa pamoja: pikipiki, vijiko, upepo, watoto, na maneno huko ndani kabisa. Aliivaa siku tatu ikaingia kwenye droo. Familia ikaandika ripoti ya pili: amekataa kusaidiwa.

Mimi ndiye niliyeitwa, ati kwa sababu najua mambo ya amplifaya. Nikasema tusinunue kitu kabla hajapimwa. Tulipanda basi hadi Nairobi, kama kilomita 280, na katika chumba kidogo kilichozibwa sauti akavishwa hedifoni. Nilicheka peke yangu. Hedifoni zile hazikuwa na urembo wowote, lakini mpimaji alinieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia kwa wapenda muziki: zimepimwa pamoja na mashine yake, na akizibadilisha lazima mashine isawazishwe upya, la sivyo kila namba atakayoandika kuhusu mgonjwa itakuwa uongo. Pale kufaana si suala la ladha. Ikikosewa, mtu anapewa masikio ya mtu mwingine.

Walichora mstari wake: chini karibu mzima, juu umeporomoka. Kisha mashine zikapangwa kuufuata mstari ule, kuongeza pale palipopotea na kuacha pale palipobaki. Na hawakumrudishia yote. Kuna kanuni ya zamani ya miaka ya 1940, ya Mmarekani Samuel Lybarger, inayosema mpe mtu karibu nusu ya alichopoteza. Aliyepoteza desibeli 60 mpe kama 30. Mashine za siku hizi zina hesabu ndefu zaidi, lakini sababu haijabadilika: sikio lililopoteza sauti ndogo bado linaumizwa na sauti kubwa. Ukirudisha yote unamtesa. Nimelifikiria hili zaidi ya jambo lingine lolote katika safari ile. Huwa tunadhani haki ni kumrudishia mtu kila alichonyimwa, kwa kiasi kile kile, sasa hivi. Hapa kuna mwili unaosema, nipe nusu, uipange vizuri, na unipe miezi nizoee.

Mashine hizo mbili zilizidi kwa mbali gharama ya hedifoni na amplifaya yangu pamoja. Tulichanga, binamu wa Doha akabeba sehemu kubwa. Mtu mmoja wa nyumbani aliniuliza, si ungeuza zile zako? Lilikuwa swali la haki, na nilikuwa nimeshaanza kuzitangaza kwa mnunuzi wa Nanyuki wakati mchango ulipotimia. Lakini bei haikuwa kiini. Hata tungekuwa na pesa za HE 1, marumaru na valvu zote, bila ule mstari tungempelekea mzee kelele ya bei ghali.

Sasa anajibu salamu. Wale waliosema ana madharau hawajaomba msamaha, na sidhani wanakumbuka kwamba walisema. Kwenye harusi anazitoa na kuzitia mfukoni, kwa sababu spika za harusi zetu hazimfai mtu yeyote.

Mwezi jana alitaka kujaribu HD 600. Alivua mashine zake, nikamvisha, nikaweka kaseti ya zamani niliyoihamishia kwenye kompyuta, sauti ambazo alizisikiliza kwenye lori. Hedifoni ile ile, amplifaya ile ile, zinazonitosha mimi. Nikapandisha hadi mahali ambapo mimi mwenyewe nisingevaa, nikaishia hapo. Alitikisa kichwa kwa mdundo kwa muda, kisha akazitoa na kunirudishia kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani.

"Bezi iko," akasema. "Maneno hakuna."

Akavaa mashine zake, akaniuliza kama betri zimefika. Moja huenda wiki hivi, na pakiti huwa tunaagiza Nairobi. Zilikuwa bado kwenye basi, mahali fulani kati ya Nanyuki na Timau.